TXA kwa majeruhi wa barabarani: ni kweli utafiti umeonyesha haifai?

Tabibu_NjiaPanda (Tororo) anauliza:

Habari zenu wakubwa. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi ulioanza hapa kituoni na ambao sioni dalili ya kuisha.

Niko kituo cha afya daraja la nne, barabara ya Tororo kwenda Malaba. Wanaoijua wanaijua: matrela usiku kucha, boda bila taa, na hakosi mtu wa kuovateki kwenye kona. Thieta tunayo, ila daktari wa kupasua hayupo kila siku, na friji ikiwa na chupa mbili za damu ya kundi O tunajiona matajiri. Wanaoletwa ni vijana wa boda na abiria wao: paja limevunjika, nyonga imeachana, tumbo limekuwa gumu, mguu umepitiwa na tairi.

Siku zote nimekuwa nikiwapa asidi ya traneksamiki, hii TXA, dawa ya kushika damu isiendelee kuvuja, mara tu kanula ikiingia mshipani. Sasa mwenzetu amerudi na habari kutoka semina ya Kampala: eti Waaustralia wamefanya utafiti mkubwa, dawa haikusaidia kitu, na wanaopona wanaishia vilema. Inchaji hakungoja sentensi iishe. Vichupa vyote vimehamia kabati la wodi ya wazazi na ufunguo anakaa nao yeye. Majeruhi, anasema, ni lita mbili za maji ya chumvi mbio mbio, halafu ambulensi.

Hilo la maji nalo linanisumbua. Usiku mmoja waliletwa watu wawili, mmoja kijana ambaye wenzake walikuwa wamemfunga paja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Presha 70, mikono baridi, lakini anaongea, anauliza pikipiki yake iko wapi. Tukaweka dripu mikono yote miwili, zikakimbia. Presha ikapanda hadi 110, tukaanza kutabasamu, na hapo hapo gozi iliyokuwa imeanza kukauka ikalowa upya. Damu iliyotoka safari hii ilikuwa nyepesi, ya waridi, haishiki kwenye gozi kabisa. Alifika rufaa akiwa hai, lakini picha hiyo haijanitoka.

Kwa hiyo: TXA ndiyo au siyo? Na maji, ni kiasi gani kabla ya kumsafirisha?

Mama_Thieta (Mbale) anajibu:

Tabibu mwanangu, pole na zamu. Mwambie inchaji arudishe hizo dawa, na ukipenda mwambie ni mimi niliyesema; mdomo wangu unajulikana. Nawalaza watu usingizi wa thieta tangu enzi za halothani, na semina za namna hiyo nimezihudhuria za kutosha.

Mwenzako hakudanganya, amesikia nusu. Utafiti anaousema ni PATCH-Trauma, ulitoka 2023, majeruhi 1,310 wa Australia, New Zealand na Ujerumani, dawa ikianzia njiani kabla ya hospitali. Swali lao kuu halikuwa nani amekufa. Waliuliza: baada ya miezi 6, huyu mtu yuko hai na anajimudu? Waliopewa dawa, 53.7%. Waliopewa maji matupu, 53.5%. Ngoma droo, na nadhani hapo ndipo mwenzako alipofunga daftari. Angefungua ukurasa wa pili angekuta vifo vya siku 28: 17.3% kwa waliopewa dawa, 21.8% kwa wasiopewa. Maana yake waliobaki hai mwanzoni ni wengi zaidi, na baadhi yao walibaki na ulemavu mzito. Wengi mle ndani walikuwa wameumia kichwa pia, na dawa ya kushika damu haiwezi kurudisha ubongo ulioharibika. Kama mtu anataka kujadili maisha ya namna hiyo, tukae tujadili, ni hoja nzito. Lakini usije kuniambia kwamba dawa haifanyi kazi. Na kijana wako mwenye paja, anayeulizia pikipiki yake, ubongo wake ulikuwa unafanya kazi kuliko wa waliokuwa wanabishana juu yake.

Halafu angalia walikofanyia. Kule ambulensi ina daktari au mhudumu aliyesomea dharura, damu inasubiri mlangoni, mpasuaji amevaa glavu. Utafiti unaofanana zaidi na kituo chako ni ule wa zamani, CRASH-2 wa mwaka 2010: majeruhi 20,211, hospitali 274, nchi 40, nyingi zikiwa nchi za hali yetu. Takriban nusu tu ya wagonjwa wale waliwahi kuongezewa damu. Vifo vya sababu zote vilishuka kutoka 16.0% hadi 14.5%. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiweka TXA kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya majeruhi.

Sasa jambo ambalo ningelibandika ukutani hapo kwenu ni saa. Walipochambua tena takwimu za CRASH-2 mwaka 2011 wakatazama waliokufa kwa kutokwa damu peke yake. Waliopewa dawa ndani ya saa moja tangu kuumia: 5.3% walikufa, dhidi ya 7.7%. Kati ya saa moja na masaa matatu: 4.8% dhidi ya 6.1%. Baada ya masaa matatu mambo yakapinduka: 4.4% kwa waliopewa, 3.1% kwa wasiopewa. Ikichelewa inaumiza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yule boda aliyemleta mgonjwa si jina wala ndugu zake wako wapi, ni ajali imetokea saa ngapi. Kama hajui, muulize kama ilikuwa kabla ya mvua au baada ya mvua, kabla ya taarifa ya habari au baada. Watu wetu wakati wanaujua, ila huwa hawauhesabu kwa saa ya mkononi.

Kipimo unakijua lakini nitakiandika kwa ajili ya wasomaji wengine. Gramu moja, yaani vichupa viwili vya miligramu 500, kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, iingie kwa dakika 10. Usiisukume yote kwa bomba la sindano kwa pupa, presha itaanguka. Kisha gramu nyingine kwenye mililita 500, iende masaa 8. Kama seti yako ni ya matone 20 kwa mililita, hiyo ni matone 21 hivi kwa dakika. Pampu huna, nami sina. Hesabu matone ukiwa na saa mkononi, na uandike kwenye karatasi ya rufaa kwamba gramu ya kwanza imeshaingia na saa uliyoanza, wasije wakaanza upya wakimpokea.

Ukitaka kumweleza inchaji inavyofanya kazi, mwambie hivi. Mwili ukitengeneza donge la damu, una kemikali yake pia ya kuliyeyusha, na mtu akiumia vibaya ile ya kuyeyusha inapandwa na wazimu ndani ya saa za mwanzo. TXA haitengenezi donge. Inalilinda lile ambalo mwili umeshahangaika kulitengeneza. Ndiyo maana kuwahi ni kila kitu. Walioigundua ni mume na mke wa Kijapani, Utako na Shosuke Okamoto, na waliitangaza mwaka 1962. Yule mama alikuwa akifikiria hasa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua, kwa hiyo inchaji wako hajakosea kuipeleka wodi ya wazazi. Kosa ni kuifungia huko.

Maji sasa. Lita mbili mbio mbio ndivyo tulivyofundishwa sote, na ndivyo tulivyowafundisha ninyi. Lakini huko Houston, Marekani, mwaka 1994 walitoa matokeo ya wagonjwa 598 waliopigwa risasi au kuchomwa visu kiwiliwilini na presha ikashuka. Nusu walipewa maji mapema, nusu waliwekewa kanula tu, maji yakangoja thieta. Waliongojeshwa walipona 70%, waliowahishwa 62%. Gozi yako iliyolowa upya ndiyo maelezo yenyewe: presha ikipanda donge linasukumwa litoke, na maji yanapunguza nguvu ya damu iliyobaki. Ni kama mama wa hoteli anayeongeza maji kwenye mchuzi kwa sababu wageni wamezidi: sufuria limejaa, mchuzi haupo. Na maji yenyewe yako kwenye joto la chumba, tena usiku wa mvua. Damu ikipoa haigandi.

Ila Houston ni mji, hospitali iko karibu, na wale walichomwa, hawakugongwa na trela. Usichukue 70% ile ukaileta Tororo nzima nzima. Mimi ninavyofanya: maji kidogo kidogo, mililita 250, naangalia. Kama anaongea na mapigo ya kifundo cha mkono yanashikika, nasimama. Presha ya juu ya 80 hadi 90 inanitosha mpaka mshipa ufungwe. Aliyeumia kichwa ni habari nyingine, huyo presha isiachwe ishuke. Namtafutia 110 hata kama itanigharimu. Ubongo uliovimba ukikosa presha unakufa mara ya pili.

Na tusisahau kwamba hapa hapa kwetu, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, pamoja na Kenya na Tanzania, ulifanyika utafiti wa FEAST uliotoka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: karibu 10.6% ndani ya masaa 48, dhidi ya 7.3%. Hao si majeruhi, usichanganye, ila tangu siku zile mimi dripu inayokimbia siiamini kwa macho tu.

Nina neno moja zaidi kisha niwaachie wengine. Mwaka ule ule wa 2023 wenzetu wa nchi tajiri walipima vifaa vyao vya gharama. Puto linalopandishwa ndani ya mshipa mkuu ili kuzuia damu, REBOA, Uingereza, wagonjwa 90: waliowekewa walikufa 54% katika siku 90, wasiowekewa 42%. Krayo mapema, yaani sehemu ya damu yenye viini vya kugandisha, wagonjwa 1,604: vifo 25.3% dhidi ya 26.1%, yaani hakuna tofauti. Ufaransa walijaribu dawa ya viini vya kugandisha, vifo havikupungua na madonge mabaya kwenye mishipa yakaongezeka. Wakati nikisoma hayo nilicheka peke yangu hadi mume wangu akauliza. Miaka yote tumekuwa tukijilaumu kwamba hatuna puto.

KalamuNyekundu (Kampala):

Heshima yako Mama, lakini tusipake rangi. Kutoka 16.0% hadi 14.5% ni watu 1.5 kwa mia. Ukiwa na kituo kisicho na damu wala mpasuaji, si afadhali hizo nguvu ziende kwenye ambulensi?

Mama_Thieta:

Kalamu, ni mmoja anayepona kati ya kila 67 hivi, kwa vichupa vinne na chupa mbili za maji. Nionyeshe ambulensi inayotoa hesabu hiyo kwa bei hiyo, nitakuja kuipiga deki mwenyewe. Na nani kasema tuchague? Dripu ya dakika 10 inaingia huku dereva anatafutwa.

WaMaabara_Elgon:

Naongezea upande wa damu, maana watu wa wodini mnatukumbuka chupa ikiisha.

Marekani na Kanada walilinganisha uwiano mwaka 2015, utafiti wa PROPPR, majeruhi 680. Kundi moja plazma (maji ya damu), chembe sahani (zile za kugandisha) na chembe nyekundu kwa kipimo sawa, kundi la pili nyekundu zikiwa mara mbili. Vifo kwa jumla havikupishana kwa maana ya kitakwimu, lakini waliokufa kwa kuishiwa damu katika saa 24 za kwanza walikuwa 9.2% dhidi ya 14.6%. Somo lake kwetu si kwamba mtafute chembe sahani, hamtazipata. Somo ni kwamba mtu anayevuja damu kamili anahitaji kitu kinachokaribia damu kamili. Ukipigiwa simu na benki ya mkoa ukaambiwa kuna chupa ya damu nzima, usiikatae kwa kuwa mmezoea iliyotenganishwa. Majeshi duniani yameirudia hiyo hiyo.

Pili, piga simu mapema. Msingoje himoglobini, kipimo cha wingi wa damu. Mtu aliyegongwa nusu saa iliyopita himoglobini yake inaweza kusoma 12 huku anakufa, kwa sababu damu iliyobaki bado haijachanganyika na maji. Nitumieni sampuli ya kundi kabla hamjamaliza kumvua nguo. Na likizo za shule mzijue: wachangiaji wakubwa Uganda ni wanafunzi, wakifunga shule friji zetu zinakonda. Desemba ni mbaya, na ndiyo mwezi wa ajali.

Tatu, kalsiamu. Chupa ya damu imetiwa sitrati isigande, na hiyo sitrati ikiingia mwilini inakamata kalsiamu ya mgonjwa, na bila kalsiamu damu haigandi, moyo nao unachoka. Ukiongeza chupa kadhaa kwa haraka mpe kalsiamu glukoneti. Msiniambie hamna. Iko kwenye trei ya kifafa cha mimba wodi ya wazazi, imewekwa pale kwa ajili ya magnesiamu, dawa ya kifafa hicho, ikizidi. Kabati lile lile la inchaji.

Tabibu_NjiaPanda:

Asanteni sana, Mama na wengine. Nimemsomea inchaji jibu lote kwenye simu. Hakusema kitu kuhusu REBOA, lakini kwenye masaa matatu alinyamaza, akasema dozi za watu watano zikae trei ya dharura na mimi nisaini. Ameuliza: wa kichwa peke yake, hana damu inayoonekana, apewe? Na aliyeletwa alfajiri wakati ajali ilikuwa jana jioni?

Mama_Thieta:

Wa jana jioni, hapana, hiyo tumeshaimaliza. Wa kichwa kuna CRASH-3 ya mwaka 2019, wagonjwa 12,737. Wenye jeraha dogo na la kati, wakiwahi ndani ya masaa matatu, vifo vya kichwa vilipungua. Wale ambao wameshazimia kabisa na mboni hazijibu mwanga, haikuonekana kuwasaidia. Kwa hiyo yule aliyechanganyikiwa kidogo, anatapika, anafungua macho ukimwita, huyo ndiye wa kuwahi. Tena ndiye ambaye huwa tunamwacha kwenye benchi kwa sababu "anaongea".

Boda_Iganga:

Wasawo, madaktari wetu, samahani kuingilia, mimi si mtu wa hospitali, naendesha. Huku kwetu Iganga mwaka 2016 walifundishwa boda 154 huduma ya kwanza, na wenzetu waliokuwemo bado wanatufundisha stejini. Nimesoma hapo juu habari ya tyubu ya baiskeli. Sisi wengi ndivyo tunavyofanya, tyubu ipo kila mahali. Ni vibaya? Na kuna wanaosema lazima ulegeze kila dakika kumi damu ipite, mguu usife. Mimi nililegeza wa abiria mmoja pale Bugiri, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha pikipiki.

Mama_Thieta:

Boda, usiombe samahani, wewe ndiye unayefika kwanza. Kampala walifundisha polisi, madereva wa takisi na viongozi wa mitaa 307, wakachapisha matokeo yake 2009, kwa sababu hiyo hiyo: mgonjwa wetu analetwa na aliyekuwa karibu.

Hatua ya kwanza si kufunga. Ni kubonyeza. Shati safi au gozi, kiganja juu ya pale panapotoka, egemea kwa uzito wa mwili wako, na usifungue kila dakika kuchungulia. Majeraha mengi yanaishia hapo. Mkanda wa kubana ni kwa mguu au mkono unaoruka damu na kubonyeza kumeshindwa, au umekatika.

Tyubu si vibaya, tatizo ni kipande chembamba kilichofungwa nusu nusu. Hicho kinaziba mishipa ya kurudisha damu, na ile inayoleta kutoka moyoni inaendelea kupiga, kwa hiyo unamzidishia. Tumia kitu kipana, vidole vitatu au vinne: leso iliyokunjwa, mkanda wa kitambaa. Funga kati ya jeraha na moyo, si kwenye goti wala kiwiko penyewe, pitisha kijiti imara kwenye fundo na ukisokote mpaka damu isimame kabisa. Atapiga kelele, inauma kweli. Mwache apige.

Kuwahi hapa nako kuna ushahidi. Hospitali ya kijeshi ya Baghdad, matokeo ya 2009: waliofungwa kabla hawajaishiwa nguvu kwa kupoteza damu walipona 90%. Waliofungwa wakiwa wameshafika huko, 10%.

Kulegeza, usilegeze. Yule wa Bugiri alikuonyesha sababu. Mguu unavumilia masaa mawili hivi bila taabu kubwa, na kutoka Bugiri hata kwa boda unafika penye thieta kabla ya hapo. Andika saa uliyofunga kwa peni kwenye paji la uso au mkononi. Mfunike blanketi au koti la mvua maana baridi ni adui, lakini mguu wenye mkanda uache nje, kila atakayempokea auone kabla ya kukuuliza chochote.